Kuchora Kitenzi: Mchoro wa Haraka wa Watu Walio Mwendoni, kwa Mifano ya Baraka na Fizi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanafunzi au mtafiti wa Kiswahili anavyoweza kujifunza kuchora kwa haraka watu walio mwendoni, mahali pa hadhara kama vile sokoni, mwaloni, barabarani na uwanjani. Mifano yetu imechukuliwa kutoka teritori ya Fizi, katika mkoa wa Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hasa kutoka mji wa Baraka ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Huenda msomaji akajiuliza taaluma ya Kiswahili inahusikaje na penseli ya mchoraji. Jibu letu ni kwamba inahusika sana, na kwa njia mbili. Kwanza, kamusi zetu zina vitenzi vingi vya mkao na mwendo wa mwili ambavyo haviwezi kufafanuliwa barabara kwa maneno peke yake. Mwanafunzi akisoma fasili za chutama, chuchumaa na otama, aghalabu hubaki akijiuliza magoti yako wapi, visigino viko wapi, na mgongo umelala kiasi gani. Pili, na hili ndilo kiini cha makala haya, anayejifunza kuchora mwendo hushindwa kwa sababu hutaka kuchora nomino: mwanamke, beseni, mtumbwi. Mtu anayetembea haingoji nomino hiyo ikamilike. Kinachoweza kushikwa katika nusu dakika ni kitenzi: amejitwika, anapiga kafi, ameinama. Kiswahili kimekwisha kuvipanga vitenzi hivyo kwa utaratibu ambao mchoraji anaweza kuutumia kama ngazi ya mafunzo.

2.0 Baraka na Fizi: mahali pawili, miili miwili

Baraka iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ndani ya ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari, karibu na mahali mto Mutambala unapoingia ziwani. Fizi, makao makuu ya teritori, iko milimani upande wa kusini-magharibi. Barabara ya Taifa Namba 5 inayotoka Uvira hupita Baraka na Fizi kabla ya kuendelea kusini hadi Kalemie. Wenyeji wengi ni Wabembe, na pamoja nao wamo Wabwari, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote sokoni, nacho kilifika huku katika karne ya 19 kwa njia ya Ujiji na misafara ya ng'ambo ya ziwa.

Kwa mchoraji, tofauti kubwa kati ya mahali pawili hapa ni ya uzito na jinsi unavyobebwa. Ufukoni, mwanamke anayetoka mwaloni na beseni la ndagala, yaani dagaa kama wasemavyo Kigoma, hulibeba kichwani juu ya kata. Shingo yake huwa wima, macho hutazama mbele, na mtikisiko wote wa hatua humalizikia kiunoni. Mlimani mambo hubadilika. Katika milima ya Kivu mzigo wa kuni au mihogo huwekwa mgongoni, na kamba yake hupita kwenye paji la uso. Hapo mwili mzima huelekea mbele, kidevu hushuka, na mara nyingi mikono huishika kamba karibu na masikio. Mtu huyohuyo akibadilisha namna ya kubeba hubadilika umbo kabisa. Anayejua kusoma tofauti hii hahitaji kuchora mlima wala ziwa ili mtazamaji atambue mahali: mgongo wa mchukuzi umekwisha kueleza.

Kati ya mipaka hiyo miwili kuna utajiri mkubwa wa mienendo. Wapo wanaopiga kafi, wanaokokota wavu hadi nchi kavu, wanaogeuza ndagala zilizoanikwa mchangani, wanaotwanga sombe, ambayo ndiyo kisamvu cha Watanzania, na wanaosukuma kinga, yaani baiskeli, iliyosheheni madumu ya mawese. Kazi hizi zote hufanywa hadharani, mchana kweupe, na nyingi hurudiwarudiwa. Kwa anayejifunza, kurudiwa huko ni neema.

3.0 Kwa nini mchoro, ilhali kamera ipo

Watu wa eneo hili wamechorwa tangu zamani, lakini si mara zote kwa macho ya aliyewaona. Richard Burton na John Hanning Speke walipovuka ziwa kutoka Ujiji na kufika Uvira mwaka 1858, walipitia Ubwari. Kitabu cha Burton kilichotoka mwaka 1860 kilipambwa kwa picha. Desturi ya wachapaji wa Ulaya katika enzi hiyo ilikuwa kumpa fundi wa mbao au wa shaba rasimu ya msafiri aichonge upya, na fundi huyo hakuwahi kumwona mvuvi wa Tanganyika. Sura na mavazi yaliweza kunusurika, lakini mkao wa mwili aghalabu uligeuka kuwa wa sanamu za Ulaya. James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kuanzia mwaka 1860, alipiga picha kwa kamera kisiwani Unguja, kisha bara akaiacha na kutegemea penseli na rangi za maji. Kamera ya wakati ule ilihitaji utulivu. Safari na watu wake havikuwa na utulivu.

Sanaa maarufu ya eneo lenyewe, inayoonekana katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ni ya sanamu za mbao za mababu na vinyago vya vyama vya jando na uongozi, ambavyo mtaalamu Daniel Biebuyck alivichunguza kwa miaka mingi tangu alipofanya utafiti wake huko katika miaka ya 1950. Sanamu hizo husimama wima, zimetulia, kwa sababu zinawakilisha waliokwisha kufika. Ama kinyago cha alunga, chenye nyuso mbili, hakikukusudiwa kutulia: kilichezwa. Kinapowekwa ndani ya kabati la kioo, mwendo uliokuwa nusu ya maana yake hupotea.

Leo kamera imo ndani ya simu ya kila mtu, na huenda ikaonekana kwamba mchoro hauna kazi tena. Sivyo. Fizi ni eneo lililopitiwa na vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003, na ghasia hazijakoma. Watu wengi walikimbilia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 imekuwa makazi ya maelfu kutoka Fizi na Uvira. Kwa upande mwingine, kambi ya Lusenda, iliyo ndani ya teritori hiyohiyo ya Fizi, ilifunguliwa mwaka 2015 ili kuwapokea Warundi waliokimbia kwao. Mahali penye historia ya namna hii, picha ya uso si jambo dogo. Inaweza kumfuata mtu kuliko alivyotaka, ikafika mikononi asikokujua. Mchoro wa haraka, kinyume chake, hauna uso. Huonyesha kwamba kazi ilifanyika na jinsi ilivyofanyika, bila kumtangaza aliyeifanya. Kwa mtafiti wa lugha anayetaka kujua kitenzi kinavyotendwa, hicho ndicho anachokihitaji, wala si zaidi ya hicho.

Kuna sababu nyingine ya kitaaluma. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alionyesha huko Marekani, kwa mfululizo wa picha za kamera, kwamba farasi anayekimbia hakunjui miguu yake mbele na nyuma kwa pamoja kama wachoraji walivyozoea kumchora. Kamera ilisahihisha jicho. Hata hivyo, picha moja iliyokatwa katikati ya hatua mara nyingi humwonyesha mtembeaji kama aliyekwama au anayeanguka. Jicho la mwanadamu halikumbuki katikati ya tendo. Hukumbuka ncha zake, pale mwendo unapotua kidogo kabla ya kugeuka. Mchi ukiwa juu kabisa, kafi likiwa limekwisha kuvutwa, mguu ukiwa ndio kwanza umekanyaga: hizo ndizo ncha za tendo, na mchoraji wa haraka hufanya kazi kwenye ncha.

4.0 Sarufi ya mwili

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mchoraji. Tutazame mambo matatu.

4.1 Njeo na hali: -na- na -me-

Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua kwamba "anasimama" na "amesimama" hazina maana moja. Ya kwanza inaeleza mtu anayenyanyuka. Ya pili inaeleza mtu aliyekwisha kunyanyuka na ambaye bado yu wima. Vivyo hivyo kwa anainama na ameinama, anakaa na amekaa, anajitwika na amejitwika. Vitenzi vya mkao vikipewa -me- hutaja hali inayodumu, ilhali vikipewa -na- hutaja kipito.

Kwa mchoraji tofauti hii ni saa ya kupimia muda. Mama anayejitwika beseni hutumia sekunde mbili au tatu. Mama aliyejitwika beseni hubaki hivyo kutoka mwaloni hadi sokoni. Mwanafunzi aanze na -me-. Akikwisha kuzoea mikao inayodumu, ndipo ajaribu vipito, na atagundua kwamba kila kipito kimelazwa kati ya -me- mbili: ameinama, kisha amesimama. Akizijua ncha mbili, katikati hujazika yenyewe.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili cha Kivu hutumia pia miundo mingine. Tendo linaloendelea husemwa mara nyingi kwa namna ya "niko natembea", na kuketi huitwa kuikala. Mtafiti asiwasahihishe wenyeji. Aandike chini ya mchoro neno alilolisikia, kwa kuwa mchoro na neno la mahali hapo kwa pamoja ni data moja.

4.2 Kauli ya kutendama na ya kutendata

Wanasarufi wameonyesha kwamba lugha za Kibantu zina kiambishi cha kale, -am-, kinachotaja mkao au hali ya kutulia. Katika Kiswahili kimebaki ndani ya vitenzi kama simama, inama, chutama, egama, achama, kwama na gandama. Mtu akiviorodhesha vitenzi hivi, amekwisha kujiandalia daftari la mazoezi ya mikao. Inama: miguu imenyooka, mgongo umelala kuanzia nyonga, ndivyo wanavyofanya wanaogeuza ndagala mchangani. Chutama: magoti yamekunjwa na makalio yamekaribia visigino, ndivyo anavyofanya anayechagua samaki mbele ya beseni. Egama: uzito umegawanywa kati ya mwili na kitu kingine, kama kijana aliyejiegemeza kwenye kinga yake akingoja mteja. Mistari mitatu yatosha kwa kila mmoja.

Kiambishi kingine, -at-, hutaja mgusano na mshiko: kamata, fumbata, pakata, ambata. Hapa mchoraji anaelekezwa mikononi. Mtoto aliyepakatwa yuko mapajani na mkono umemzunguka. Mtoto aliyeelekwa yuko nyongani au mgongoni, na kitenge, au kikwembe kama wasemavyo Wakongo, ndicho kilichofanya kazi ya mkono. Katika mchoro wa sekunde 30 hakuna nafasi ya vidole. Yatosha kuonyesha mahali mwili unapogusana na mzigo, na mstari wa nguo unapovutika.

4.3 Matendo yanayopingana

Mzizi mmoja wa Kiswahili umetupa inama, inika, inua na inuka. Kwa maneno mengine, lugha yenyewe imeona kwamba kuinama na kuinuka ni njia moja inayopitwa kwa pande mbili. Kauli ya kutendua nayo imetupa kunja na kunjua, funga na fungua. Na msamiati wa wachukuzi umetupa twika na tua. Mwanafunzi achore jozi hizi kwenye ukurasa mmoja, upande wa kushoto na wa kulia. Atajifunza haraka kuliko akichora mikao mia isiyohusiana.

5.0 Hatua za mafunzo

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari dogo la shule, ambalo Kongo huitwa kaye, kipande cha mbao nyembamba au gamba gumu la kuegemea, na penseli laini au kalamu ya wino. Kifutio kiachwe nyumbani. Anayefuta hutazama karatasi, na wakati huohuo anayechorwa amekwisha kupita.

Hatua ya kwanza ni kutazama bila kuchora. Mwanafunzi akae mahali pamoja kwa robo saa na kuvitaja kimoyomoyo vitenzi anavyoviona. Amejitwika. Anachechemea. Anajikongoja. Anasuasua. Asiyeweza kutaja kitenzi bado hajaona tendo. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, aliwazoesha wanafunzi wake kuchora tukio walilosimuliwa kwa maneno. Zoezi letu linafuata njia hiyohiyo kutoka upande wa pili, kwani jicho huliona tendo, neno hulifunga, kisha mkono hulichora.

Hatua ya pili ni mstari wa kitendo. Kwa sekunde zisizozidi 30, mwanafunzi achore mstari mmoja tu kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Mstari huo ndio utakaotofautisha vitenzi. Kwa mchukuzi wa kichwani ni karibu wima. Kwa mchukuzi wa mlimani umeinama kama upinde. Kwa anayenyata umejikunja magotini na kisigino kiko juu. Kwa anayepepesuka kichwa kimetoka nje ya miguu. Mwalimu Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake kilichapishwa Marekani mwaka 1941 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba mchoro wa namna hii utafute kile mwili unachofanya kabla ya kutafuta unavyofanana. Michoro 20 ya aina hii kwa siku, yote katika kurasa mbili, ni kipimo kizuri cha mwanzo.

Hatua ya tatu ni uzito. Mtu anaposimama kwa mguu mmoja, kishimo kilicho chini ya koo huwa juu ya kisigino cha mguu huo, au karibu sana nacho. Mwanafunzi ashushe kwa jicho mstari wima kutoka shingoni, kama fundi mwashi ashushavyo timazi, na aone unaangukia wapi. Ukiangukia nje ya miguu yote, basi ama mtu huyo anatembea, ama anasukuma, ama anavuta, ama anaanguka. Wavutao wavu kutoka ziwani ni mfano ulio wazi: miili yao yote imelala nyuma, na laiti wavu ungekatika wangeanguka chali mara moja. Mchoro ambao wavu wake ukifutwa watu bado wanaweza kusimama haujauonyesha uzito wa wavu.

Hatua ya nne ni kazi inayorudiwa. Anayetwanga sombe hurudia mambo mawili: mchi uko juu, mchi uko chini. Mwanafunzi aanze michoro miwili kwa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Mchi ukipanda, aongeze mstari kwenye mchoro wa kwanza. Ukishuka, ahamie wa pili. Kwa njia hii kazi isiyosimama humpa mchoraji muda wa kutosha kana kwamba imesimama. Kwa kupiga kafi inafaa kuwa na michoro mitatu: kafi linaingia majini, kafi limevutwa hadi nyongani, kafi limetoka na linarudi mbele. Katika mchoro wa tatu mgongo hunyooka, na hapo ndipo mpiga kafi hupumua.

Hatua ya tano ni kumbukumbu. Mpita njia hatarudi. Mwalimu wa Ufaransa, Horace Lecoq de Boisbaudran, ambaye Auguste Rodin alikuwa mmoja wa wanafunzi wake, alichapisha mwaka 1848 maelezo ya namna ya kuizoeza kumbukumbu ya jicho kwa vitu vyepesi kabla ya vigumu. Kwa zoezi letu, mwanafunzi amtazame mtu mmoja kwa hatua tano, afumbe macho, akitaje kitenzi, kisha achore akiwa ameyaelekeza macho kwenye karatasi tu. Kilichosahaulika kiachwe. Asikijaze kwa kubuni, maana pengo ndilo litakalomfundisha kesho atazame nini. Ikiwa mtu mwingine mwenye mzigo wa aina ileile atapita, si vibaya kuumalizia mguu wa wa kwanza kwa mguu wa wa pili. Kinachochorwa ni tendo, na tendo ni lao wote wawili.

Hatua ya sita ni kundi. Hapa vichwa vichorwe kwanza, kama nukta. Kama anayetazama amesimama, na watu wazima wa kimo kinachokaribiana wamesimama kwenye ardhi tambarare, vichwa vyao vyote huwa karibu mstari mmoja na macho yake, walio karibu na walio mbali. Kinachotofautiana ni miguu. Aliyechutama huonekana mara moja kwa kuwa kichwa chake kimeshuka chini ya mstari huo. Watoto nao wasichorwe kama watu wazima waliopunguzwa. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu. Mtoto mdogo ana vichwa vinne au vitano tu.

Kazi kama hii si ngeni katika sanaa ya Afrika Mashariki na Kongo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alijaza turubai zake watu wanaolima, wanaobeba na wanaokwenda. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Huko Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake katika miaka ya 1973 na 1974, na mazungumzo aliyofanya kwa Kiswahili na mwanaanthropolojia Johannes Fabian juu ya picha hizo yalichapishwa mwaka 1996. Mfano huu wa mwisho una funzo kwetu: Kiswahili cha Kongo kimekwisha kuthibitika kuwa lugha ya kujadilia picha kwa kina.

6.0 Ruhusa na adabu

Mtafiti anayekwenda Baraka na daftari ajue kwamba anayeandika mahali pa hadhara hutazamwa, na ana wajibu wa kujieleza. Kabla ya mchoro wa kwanza, ajitambulishe kwa chifu wa mtaa na kwa viongozi wa mwalo au soko, akiwa na barua ya chuo chake. Asichore askari, vizuizi vya barabarani, madaraja, bandari wala kambi, kwa kuwa mchoro wa mahali kama hapo huonekana kuwa ramani. Machimbo ya dhahabu, kama yale ya Misisi upande wa kusini, nayo yaachwe hadi mtafiti apate mwenyeji anayeaminika.

Katika Kiswahili cha huku "jambo" ni salamu kamili yenye heshima, na shikamoo ya pwani haijaenea. Aliye mkubwa huitwa mama, papa au mzee, na dada au kaka mkubwa huitwa yaya. Mama aliye kazini akiuliza, "Unaandika nini pale, mwanangu?" jibu ni jepesi: "Jambo mama. Ninachora namna munavyogeuza ndagala, nipate kujua jina la kazi hii." Kisha daftari lifunguliwe mbele yake. Mchoro wa haraka una sifa hii njema, kwamba unaweza kuonyeshwa papo hapo kwa aliyechorwa, naye akaukosoa. Akisema, "Hapana, mkono haukai hivyo," amekwisha kuwa mwalimu. Akikataa kuchorwa, ukurasa huo uchanwe na kukabidhiwa kwake, wala mjadala usiwepo.

Kadhalika, mchoraji asiandike jina la mtu chini ya mchoro. Aandike kitenzi, mahali na tarehe. Ulemavu, uchovu na umaskini visichorwe kwa ajili ya kustaajabisha. Anayejikongoja anaweza kuchorwa kwa sababu kujikongoja ni kutembea, na mstari utakaoonyesha mguu wake wa tatu, yaani mkongojo, uwe na heshima ileile ya mstari wa mpiga kafi.

7.0 Istilahi

Kwa ajili ya kufundishia, tunapendekeza istilahi chache. Mchoro wa haraka ni kazi yoyote iliyochorwa kwa dakika mbili au chini ya hapo mbele ya kinachochorwa. Mchoro-kitendo ni ule unaotafuta mwendo bila sura. Mstari wa kitendo ni mstari mkuu kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliobeba mwili. Mguu mhimili ni mguu uliobeba uzito, na mwenzake ni mguu huru. Ncha ya tendo ni pale mwendo unapotua kabla ya kugeuka. Istilahi hizi zimeundwa kwa maneno ambayo msomaji wa kawaida anayajua. Zikipatikana bora zaidi kwa wavuvi na wachukuzi wenyewe, hizi zetu ziwapishe.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuchora watu walio mwendoni kunafundishika, na kwamba sarufi ya Kiswahili ni msaada mkubwa katika mafunzo hayo. Anayeanza na -me- kabla ya -na-, anayepitia kauli ya kutendama kabla ya kundi zima la sokoni, na anayekitaja kitenzi kabla ya kugusa karatasi, ataona mkono wake ukiwa mwepesi ndani ya wiki chache.

Faida haiishii kwa mwanafunzi. Mashine ya mtumbwi ikichukua nafasi ya kafi, na pikipiki ikichukua nafasi ya kichwa na mgongo, matendo hubadilika na maneno yake hubaki bila mashahidi. Zaidi ya hayo, watu wa Fizi wametawanyika, na mtoto aliyezaliwa Nyarugusu anaweza kulisikia neno la kazi ya ziwani bila kuwahi kuiona kazi yenyewe. Idara za Kiswahili zinaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila mwanafunzi anayekwenda nyanjani arudi na vitenzi kumi vya mwili, kila kimoja kikiwa na mchoro wake, neno lake la mahali hapo na maelezo ya mwenyeji aliyeusahihisha. Baada ya miaka michache vitakuwa vimekusanyika vya kutosha kuanzia kamusi ya picha ya vitenzi, na atakayeuliza chutama ni kukaa vipi hatapewa neno jingine la kwenda kulitafuta. Ataonyeshwa magoti.